Ekari thelathini na ng'ombe wa marehemu

Kila mgeni afikaye shambani kwetu, baada ya salamu na maji ya kunywa, huuliza mnao wangapi. Tukimjibu kuwa ni kumi, hunyamaza kidogo, kisha hutuombea dua kwamba Mwenyezi Mungu awaongeze. Tunaitikia amin, kwani dua ya Muislamu kwa nduguye ni jambo jema. Lakini ukweli ni kwamba hatutaki waongezeke. Tunaomba waongezeke uzito, na yaongezeke majani, nao wabaki kumi hao hao.

Jambo hili si jepesi kueleweka katika nchi ya wafugaji, ambako heshima ya mtu huhesabiwa kwa mikia zizini. Ndiyo maana tumeona tuliandike, hasa kwa familia zilizorithi kipande cha ardhi na zinazofikiria kufuga ng'ombe wa nyama kwa majani matupu, bila mashudu wala molasi.

Tunaishi nje kidogo ya mji wa Kondoa, kwenye ekari 30 zinazoteremka kuelekea mto wa mchanga. Wasiokijua Kondoa wajue kwamba nchi hii iliwahi kufukuza ng'ombe wake wote. Mmomonyoko ulikuwa umekula milima ya Irangi hadi makorongo yakameza mashamba. Mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ambao kila mtu huku huuita HADO, na mwaka 1979 ikaamuriwa kwamba mifugo yote iondoke katika eneo lililoharibika, lenye ukubwa wa kilomita za mraba 1,256. Mbuzi, kondoo, punda na ng'ombe, makumi ya maelfu, wakaswagwa kwenda nchi za watu wengine. Marehemu mzee wetu alikuwa kijana wakati huo. Alikuwa akitusimulia kwamba jambo lililomshangaza zaidi halikuwa ukimya wa mazizi. Lilikuwa majani. Baada ya misimu michache ya mvua, vilima vilivyokuwa vyekundu kama tofali vikaota nyasi zilizomfika mtu kiunoni, bila mtu kupanda. Mbegu zilikuwamo ardhini muda wote, zikingoja kuachwa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ng'ombe waliruhusiwa kurudi, lakini wachache, wa kufungiwa bandani na kukatiwa majani.

Sisi tulipoanza kufuga tulikuwa na somo hilo tayari mikononi, na tulilifanyia hesabu. Ng'ombe hula kwa siku majani yenye uzito wa takriban asilimia 2.5 ya uzito wake, tukiyahesabu yakiwa makavu. Mwenye kilo 240 anahitaji kilo 6. Majani mabichi yana maji mengi, kwa hiyo kilo hizo sita ni mzigo wa kilo 25 au zaidi akiwa malishoni wakati wa masika. Kundi la kumi, wadogo kwa wakubwa, linakula kiasi cha tani 18 kwa mwaka. Ukitoa nyumba, zizi na shamba la mahindi, tumebakiwa na ekari 26 za malisho, na katika mwaka wa mvua ya kawaida tunakadiria kwamba huzaa tani 36 hivi. Nusu wanakula, nusu inabaki. Nusu inayobaki ndiyo inayoshika udongo, inayopokea tone la mvua lisichimbe ardhi, na inayolisha mizizi ili jani jipya liote. Mtu akiiona kama mali iliyopotea, baada ya miaka mitano hatakuwa na nusu ya kwanza pia.

Tumeligawa eneo hilo katika vitalu vinane kwa ua wa minyaa. Wakati wa mvua ng'ombe hukaa siku tano katika kitalu, kisha huhamia kingine, hivyo kila kitalu hupumzika siku 35. Nyasi za asili tumeziacha, tukaongeza mbegu za nyasi aina ya Rhodes na Cenchrus, zinazovumilia ukame, na kwenye mipaka tukapanda milukina. Migunga hatukuikata hata mmoja. Maganda yake huanguka wakati ambapo kila kitu kimekauka, na ng'ombe huyafuata kama watoto wanaofuata embe. Kuhusu kupe hatuna la kujivunia. Tunaogesha kila wiki, na kila ndama huchanjwa dhidi ya ndigana kali, chanjo ambayo hutolewa mara moja na kinga yake hudumu maisha yote. Aliyewahi kuzika ndama watatu katika mwezi mmoja hataona gharama ya chanjo hiyo kuwa kubwa.

Tatizo la nchi kama hii, yenye msimu mmoja wa mvua kuanzia Desemba hadi Aprili, ni miezi saba inayofuata. Wengi hudhani ng'ombe hukonda kiangazi kwa kukosa majani. Mara nyingi majani yapo, marefu na ya rangi ya dhahabu, na ng'ombe anashiba, na bado anakonda. Sababu iko tumboni. Anayeyasaga majani hasa si ng'ombe mwenyewe, ni vijidudu visivyo na idadi vinavyoishi katika tumbo lake la kwanza, navyo vinahitaji protini ili vifanye kazi. Jani likikauka likiwa limesimama, protini yake hushuka, na ikiwa chini ya asilimia 7 vijidudu hivyo hudhoofika. Chakula hukaa tumboni muda mrefu, ng'ombe hula kidogo zaidi kila siku, na huanza kuyatumia mafuta ya mgongoni mwake. Hivyo ndivyo mnyama anavyokufa njaa amesimama katikati ya nyasi.

Dawa yake ni kukata majani yangali na nguvu, yanapoanza tu kutoa maua, mwezi wa Machi na Aprili, kuyaanika siku mbili tatu na kuyafunga marobota. Hatuna mashine. Tuna sanduku la mbao lisilo na kitako, kamba za katani, na watoto wa kukanyaga. Robota moja huwa na kilo 15. Tunahitaji marobota kama 300 ili kila ng'ombe apate kilo 3 kwa siku kwa siku 150, na nyingine azitafute mwenyewe. Ni kazi ya kuchosha inayoangukia wakati wa kuvuna, na katika nyumba yetu ndiyo inayoleta maneno kuliko nyingine yoyote. Hata hivyo, bila marobota hayo, nyama nzuri ya majani Kondoa ingekuwa ndoto ya miezi mitano kwa mwaka.

Mwaka 2021 mzee wetu alifariki dunia. Allah amrehemu. Baada ya madeni kulipwa, zilibaki ng'ombe 18 waliokuwa wamewekwa kwa jamaa huko uwandani, nao waligawanywa kwa warithi wanne, wana wawili na mabinti wawili, kama Sharia inavyogawa: sita, sita, watatu na watatu. Ndugu anayeishi Dar es Salaam aliwauza wake wiki hiyo hiyo. Dada mdogo aliwapeleka wake kwa mumewe. Tukabaki sisi na sita wetu, na dada mkubwa, shangazi wa watoto wetu, mjane anayeishi mjini Kondoa kwenye vyumba viwili na uani pa kuanikia nguo tu.

Alikuja siku ya tatu baada ya mgawo. Alikaa kwenye mkeka, akatazama vile vitalu viwili vilivyokuwa vimepumzishwa, akasema, "Wadogo zangu, nyasi zile zinaota kwa ajili ya nani?" Hakuwa anatania. Yeye ana ng'ombe watatu na hana mahali pa kuwaweka. Sisi tuna majani yaliyosimama bila kuliwa. Katika lugha ya ukoo hakuna namna ya kumjibu dada mkubwa kwamba majani hayo yana kazi. Na hata kama ipo, kuunga udugu ni amri, na haki ya mjane ni nzito kuliko falsafa ya malisho.

Hesabu nayo haikujali majonzi yetu. Tisa tuliokuwa nao, sita wa urithi, na watatu wa dada, jumla ni 18. Kundi hilo lingekula tani 32 na zaidi, maana yake karibu kila jani linaloota. Ile nusu ya udongo ingekwisha katika mwaka mmoja. Walikuwapo walioshauri tuwachukue wote mpaka hali ya msiba ipoe, na mwakani tuangalie. Ni ushauri wa huruma, na katika mambo mengine ya familia huwa ndio bora. Lakini mwakani ya malisho haifanani na mwakani ya watu. Mchanga ukishaondoka na mto hauombwi radhi.

Tulishauriana siku nyingi, tukaswali istikhara, kisha tukamwendea dada. Tulimwambia, "Dada, ng'ombe wako watakaa kwetu, na hatutakudai malisho. Wetu ndio watakaoondoka." Akadhani hakusikia vizuri. Tukauza sita wote tuliorithi, pamoja na maksai wetu mmoja na koo mmoja mzee, mnadani, mwezi wa Juni, wakiwa bado wamenona. Tukabaki na saba wetu na watatu wake. Na kwa kuwa tumeamrishwa kuandika makubaliano ya mali, tuliandika, mbele ya mashahidi wawili: majike ni ya dada na kila ndama anayezaliwa nao ni wake, maziwa ni ya nyumba inayochunga, gharama za dawa ni nusu kwa nusu, na ndama wake wakizidi wawili, mmoja auzwe kabla ya kiangazi.

Maneno yalisemwa. Walisema tumeuza mifugo ya marehemu kabla udongo wa kaburi lake haujakauka. Maneno hayo yalitufikia kupitia watoto, waliyoyasikia madrasa kutoka kwa watoto wenzao, na hakuna kitu kinachouma kama aibu inayoingia nyumbani kwa mdomo wa mtoto wa miaka minane. Tulimweleza binti yetu habari ya babu yake na vilima vyekundu, naye akauliza kama babu angewauza. Tulimjibu kwamba tunadhani angewauza, na kwamba hatuna hakika. Ndilo jibu tulilokuwa nalo.

Mwaka huo mvua zilichelewa katika sehemu nyingi za kaskazini na kati ya nchi. Upande wa Simanjiro, mkoani Manyara, mifugo ilikufa kwa maelfu. Kwetu mvua ya maana ilifika Januari, na marobota yalibaki 11. Hatusemi kwamba tulikuwa werevu. Kwa kundi la 18 tungehitaji marobota karibu mara mbili, na hatukuwa nayo.

Sasa tugeukie nyama yenyewe, kwa sababu ndiyo inayotuingizia ada za shule. Dume au maksai wetu, chotara wa Zebu na fahali wa Borani tunayemwazima kwa jirani, hufikia kilo 280 hivi akiwa na miaka mitatu na nusu. Nusu ya uzito huo ndiyo nyama na mifupa. Nyingine ni ngozi, kichwa, kwato na tumbo na yaliyomo. Anayenenepesha kwa mashudu ya pamba na molasi anaweza kumaliza kazi kwa miezi mitatu, nasi hatumlaumu, biashara ni yake na nyama yake ni halali. Sisi tunauza wawili kwa mwaka, mara chache watatu. Asiyeweza kusubiri asianze.

Wateja wetu wakubwa ni wa Idd al-Hajj, familia saba zinazoshirikiana ng'ombe mmoja. Hapa fiqhi na malisho vinakutana mahali ambapo wengi hawapatazami. Ng'ombe wa udh-hiya awe ametimiza miaka miwili na kuingia wa tatu. Sisi humfunua mdomo mnunuzi akaona jozi ya meno makubwa ya mbele imeshaota, maana umri wa kusimuliwa na dalali hauna mwisho. Na miongoni mwa kasoro zinazomzuia mnyama asifae ni kukonda kwa kupita kiasi. Kumbuka kwamba Idd hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka wa jua. Mwaka 2015 iliangukia mwishoni mwa Septemba, wakati ambapo Kondoa yote ni vumbi na mbavu za ng'ombe zinahesabika. Mwaka 2025 iliangukia mwanzoni mwa Juni, wiki chache baada ya mvua, ng'ombe akiwa katika unono wake wa juu kabisa bila kugharimiwa kitu. Kwa miaka michache ijayo mfugaji wa majani katika nchi ya msimu mmoja amepewa neema ya kalenda, na itapita. Kabla mtoto aliyezaliwa leo hajamaliza chuo, Idd itakuwa imezunguka na kurudi kiangazi.

Kuchinja kwa utulivu nako kuna siri yake katika nyama. Katika misuli ya mnyama kuna sukari ya akiba. Akichinjwa akiwa ametulia, sukari hiyo hugeuka asidi baada ya kufa, na asidi ndiyo inayoifanya nyama iwe nyekundu ya kung'aa, laini, na isiharibike upesi. Mnyama aliyekimbizwa, aliyepigwa, aliyelazwa garini na kuburutwa kwa kamba, ameshaichoma sukari yote kwa hofu kabla kisu hakijamfikia. Nyama yake hutoka nyeusi, ngumu na inayonata, na mpishi hulaumiwa bure. Mtume (s.a.w.) alituamrisha tuchinje kwa wema, tunoe kisu na tumpumzishe mnyama, na akakataza mnyama kunolewa kisu akitazama. Tunafuata hayo kwa kuwa ni amri, hata kama nyama isingebadilika. Kwa hiyo ng'ombe wetu huenda machinjioni kwa miguu, jioni, na mtu anayemjua, hulala huko akiwa na maji, na huchinjwa alfajiri mbali na macho ya wenzake.

Mafuta yake ni ya njano. Wanunuzi wa mara ya kwanza hushtuka, wakidhani ni mzee au ana maradhi ya nyongo. Maradhi hayo yapo, na afisa mifugo anayekagua nyama huyatambua kwa sababu hayageuzi mafuta pekee. Rangi ya kwetu inatokana na majani mabichi, ni ile ile iliyomo katika karoti na mchicha. Nyama ya majani ina mafuta machache kidogo na yenye omega-3 zaidi, lakini asije mtu akakuuzia kwamba inatibu kisukari. Mnyama wa miaka mitatu na nusu aliyetembea kila siku ana nyama yenye nguvu: paja na mguu vipikwe kwa moto mdogo, saa mbili au tatu, na tangawizi na ndimu, mpaka mfupa uachie. Sehemu ya mgongo ichomwe upesi. Anayeitupa yote kwenye moto mkali kwa nusu saa atatafuna mpaka Isha.

Mnadani tunauza kwa mizani tu. Wako wanaowanywesha ng'ombe maji ya chumvi usiku wa kuamkia mnada ili watumbo wavimbe, na macho ya mnunuzi yaone nyama pasipo na nyama. Bila shaka wanaijua ile habari ya muuza nafaka aliyeficha iliyolowa chini ya iliyo kavu, na alichoambiwa. Mizani nayo inaweza kudanganywa na tumbo la maji, kwa hiyo wetu hupimwa asubuhi kabla ya kunyweshwa, na mnunuzi akipenda aje alale kwetu ashuhudie. Wawili wamewahi kuja. Mmoja alikoroma.

Shangazi wa watoto sasa ana majike watatu na ndama wawili, na tayari yuko kwenye mpaka wa makubaliano. Mtamba wake mkubwa ana mimba ya miezi sita. Juzi alikuja na barua ile aliyoihifadhi ndani ya msahafu wake, akaifungua kwenye mkeka, akataka tumsomee tena kile kifungu cha ndama kuzidi wawili. Tukamsomea. Akaitazama milukina, akavitazama vitalu, akauliza mnada wa Juni utakuwa tarehe ngapi.